Kaunta Buku la Msamala

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na Julai ndipo Songea inapokuwa na baridi yake ya kweli. Watu huingia steshenari wamevaa masweta na makoti, wameshika bahasha za kaki zenye cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti na karatasi iliyoandikwa namba ya mtihani. Wengine wametoka Namtumbo na Mbinga kwa basi la asubuhi, wengine Peramiho, wengine ni wa hapa hapa Msamala. Shida yao ni moja: fomu ya kuomba chuo na fomu ya kuomba mkopo hazijazwi tena kwa kalamu, na nyumbani hakuna kompyuta.

Nilifanya kazi katika moja ya steshenari hizo baada ya kumaliza kidato cha sita, nikawa narudi kila likizo wakati nasoma chuo. Tulikuwa na kompyuta chache, printa, skana, mashine ya kutolea kopi, na modemu iliyofungwa kwenye waya mrefu ili ikae dirishani, maana hapo ndipo mtandao uliposhika. Mama mwenye duka hakuwahi kusomea kompyuta. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani zamani, na ukarani huo haukumtoka. Alinifundisha mapema kabisa jambo ambalo chuoni nililikuta likifundishwa kwa mihula, na ambalo hadi leo naona watengenezaji wa mifumo wakilipuuza.

Alikuwa na kaunta buku la kwaya tatu. Mteja hakugusa kompyuta kabla hajakalishwa kwenye benchi na kuulizwa maswali. Majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na chini yake kama yalivyo kwenye matokeo ya kidato cha nne, kwa sababu mara nyingi hayalingani: huku Yohana, kule John. Namba ya mtihani: herufi S, namba ya shule, namba ya mtahiniwa, mwaka. Jina la baba, jina la mama, kazi zao, kijiji, kata, sanduku la posta, ambalo aghalabu lilikuwa la parokia au la shule. Namba ya simu inayopatikana, na jina la mwenye hiyo simu. Namba ya malipo ya serikali na tarehe iliyolipwa. Kila mwombaji na ukurasa wake. Upande wa kulia aliacha nafasi iliyopigiwa mstari kwa rula, na humo tuliandika mfumo ulipofikia: "ukurasa wa pili umekubali", "picha imegoma", "umeme umekatika saa tano, tumeishia shule ya msingi".

Umeme wa Songea wakati huo ulikuwa habari nyingine. Mji ulikuwa haujaungwa kwenye gridi ya taifa; tuliishi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na mgawo ulipobana tulikaa giza saa nyingi. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilitufikia mwaka 2018. Kabla ya hapo, mtu aliyekaa mbele ya fomu ya mtandaoni alikuwa anabahatisha. Na bahati hiyo alikuwa ameshailipia: ada ya kuomba mkopo wa elimu ya juu peke yake ni shilingi 30,000, wala hairudishwi.

Lakini si umeme ulionifanya niipende kazi ya kutengeneza mifumo ninayoifanya sasa. Ni swali la mzee mmoja aliyekuja na binti yake kutoka upande wa Namtumbo. Binti alikuwa amefaulu vizuri, anaomba chuo ambacho mfumo wake ulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja mrefu: unateremka, unateremka, kitufe cha kutuma kiko chini kabisa. Katikati ya fomu waliulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mama. Mzee akatoka nje kupiga simu nyumbani. Mama yuko shambani, wanavuna mahindi. Akapiga kwa jirani, jirani akamtuma mtoto. Tukangoja, fomu imejaa mbele yetu, kisanduku kimoja tu kitupu. Tarehe ilipopatikana nikaiandika, nikabonyeza. Skrini ikawa nyeupe kitambo, kisha ukaja ukurasa wa kuingilia: weka jina na nenosiri. Tulipoingia tena, fomu ilikuwa tupu toka juu hadi chini.

Mzee aliuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, maneno yetu yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mama mwenye duka alifungua kaunta buku, akavuta kiti, akaanza kunisomea kisanduku kimoja kimoja, naandika. Hatukumuuliza yule binti lolote kwa mara ya pili. Tulimaliza, wakawahi basi.

Jibu nililipata chuoni. Itifaki ya HTTP, ambayo kila tovuti husafiri nayo, ilitokana na kazi ya Tim Berners-Lee akiwa CERN, Uswisi, kuanzia mwaka 1989. Ilibuniwa kwa ajili ya kusomeana nyaraka. Toleo lake la mwanzo la 1991 lilijua ombi moja tu: nipe ukurasa huu. Seva inautoa, inafunga mawasiliano, haikukumbuki tena. Ni karani wa dirishani ambaye kila ukipiga hatua moja na kurudi anakuuliza wewe ni nani na unataka nini. Kwa kazi ya kusoma nyaraka, usahaulifu huo ni neema, maana seva moja huweza kuhudumia watu wengi sana bila kubeba kumbukumbu ya yeyote. Taabu ilianza pale watu walipotaka kufanya mtandaoni shughuli yenye hatua nyingi: kununua, kujisajili, kuomba.

Mwaka 1994 kijana wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alikabiliwa na taabu hiyo. Kampuni ya simu ya Marekani, MCI, ilitaka duka la mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe manunuzi yaliyoishia njiani. Montulli akaamua kumbukumbu ikae kwa mteja: seva impe kivinjari kipande kifupi cha maandishi, na kivinjari kikirudishe kila kinapoomba ukurasa. Ndivyo vidakuzi vilivyozaliwa, hivi ambavyo leo tovuti nyingi zinatuomba tuvikubali. Nilipoisoma habari hiyo nilishtuka kwa jinsi nilivyoitambua. Mabishano yao yalikuwa juu ya kitu kile kile kilichotuweka benchi Msamala: fomu iliyojazwa nusu, nani aibebe? Mwenye mfumo au mteja? MCI walisema mteja. Kwa mteja mwenye kompyuta yake mezani, jibu hilo halina ubaya. Kwa mteja aliyekodi kiti steshenari, lina ubaya mkubwa, na nitaueleza.

Kidakuzi kimoja hakibebi zaidi ya baiti 4,096 hivi, kwa hiyo desturi ikawa kukiwekea namba tu, halafu data yenyewe ikatunzwa kwenye seva chini ya namba hiyo. Lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995 na ambayo imebeba sehemu kubwa sana ya tovuti za dunia, ilikuja na utaratibu huo tayari ndani yake katika toleo la nne la mwaka 2000. Na ndani ya mipangilio yake kuna namba: 1440. Ni sekunde. Kumbukumbu ya mtu ambayo haijaguswa kwa muda huo huhesabiwa kuwa takataka, na mfagiaji akipita huizoa. Sekunde 1440 ni dakika 24.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba mtu anayeandika kwenye fomu anazungumza na seva. Hazungumzi nayo. Herufi zake zinakaa kwenye kompyuta iliyo mbele yake, na seva haina habari kama anaandika, amelala au amekwenda sokoni. Saa inaanza kuhesabu tangu ukurasa ulipofunguka, na haisimami mpaka kitufe kibonyezwe. Kwa hiyo fomu ya ukurasa mmoja mrefu, inayomtaka mtu atafute taarifa ambazo hana mkononi, ndiyo fomu yenye hatari kuliko zote, hata kama anayeijaza hakuondoa mkono kwenye kibodi. Mzee wa Namtumbo alipokuwa nje anapiga simu, sisi kwa upande wa seva tulikuwa tumeshaondoka.

Na maneno yao yalikwenda wapi? Yalifika. Hilo ndilo lililoniuma nilipolielewa. Nilipobonyeza kitufe, fomu yote ilisafiri salama hadi kwenye seva, kila kisanduku. Mlangoni seva ikauliza: huyu ni nani? Haikuona kumbukumbu yake, ikampeleka kwenye ukurasa wa kuingilia, na mzigo wake ikauacha uanguke. Mtengenezaji aliandika ulinzi wa mlango kwanza, kama inavyopasa, ila hakufikiri kuhusu mzigo wa aliyezuiwa. Dawa yake ni mistari michache: pokea kilichokuja, kiweke pembeni kwa muda, mwambie mtu aingie upya, akishaingia na kuthibitika kuwa ni yule yule mrudishie chake. Katika mifumo niliyokuja kuifungua kazini miaka iliyofuata, mara nyingi namba 1440 ilikuwa pale pale, haijaguswa na mtu, na mzigo unaanguka mlangoni vile vile.

Mwaka 2017 utaratibu wa kuomba vyuo vikuu kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uliachwa, waombaji wakatakiwa kupeleka maombi moja kwa moja kwenye kila chuo. Kaunta buku likapanda thamani. Ukurasa mmoja wa mwombaji ulisomwa sasa mara tatu, mara nne, kila chuo na mfumo wake, na kila mfumo ukiuliza jina la mama kwa namna yake. Ni katika msimu wa namna hiyo nilipoona tukio la mabinti wawili wa Peramiho.

Walikuwa mtu na binamu yake, wamekuja pamoja, wanaomba chuo kimoja. Foleni ilikuwa ndefu, kompyuta moja tu ndiyo iliyokuwa wazi. Mwenzangu wa kazi, kijana mchapakazi, akafungua vichupo viwili kwenye kivinjari kimoja: cha kushoto cha huyu, cha kulia cha yule. Akamwingiza wa kwanza, akajaza majina na anwani. Akahamia kulia, akamwingiza wa pili, akajaza. Akarudi kushoto kuendelea na masomo ya kidato cha sita. Wa kwanza alikuwa amesoma tahasusi ya PCB, mwenzake HGL. Kila ukurasa uliitikia "imehifadhiwa". Tulipoprinti fomu, ya yule wa HGL ilitoka na Fizikia, Kemia na Biolojia, na ya wa PCB ilikuwa na majina na anwani tu.

Mabinti walitazamana, mmoja akaanza kulia. Mwenzangu aliapa kwamba hakukosea kichupo, na kweli hakukosea. Kidakuzi si mali ya kichupo. Ni cha kivinjari kizima. Alipomwingiza wa pili, namba ya wa pili ilikaa juu ya namba ya wa kwanza. Kichupo cha kushoto kiliendelea kuonyesha jina la wa kwanza kwa sababu kilikuwa kimeshachorwa, lakini kila kilichotumwa kutoka hapo kilikwenda na kitambulisho cha wa pili. Skrini ilisema hivi, seva ikasikia vile, na kati yao hakuna aliyeuliza.

Mama mwenye duka alifungua kurasa zao mbili, tukarekebisha taratibu, mmoja baada ya mwingine, tukimtoa huyu kabisa kwenye mfumo kabla ya kumwingiza yule. Kwa mtengenezaji, kinga ni ndogo mno ukilinganisha na machozi yale: kila ukurasa wa fomu ubebe ndani yake, katika kisanduku kisichoonekana, namba ya ombi linalojazwa, na seva kabla ya kuhifadhi ilinganishe namba hiyo na mtu aliyeingia. Zisipolingana, isihifadhi; iseme wazi kwamba kwenye kompyuta hii ameingia mtu mwingine. Nimewahi kuambiwa na wenzangu kwamba hilo ni jambo la nadra, watu hawafungui akaunti mbili pamoja. Dar es Salaam, ofisini, kila mtu na kompyuta yake, ni nadra. Msamala mwezi Julai ni kawaida ya kila siku.

Kuna udhia mwingine ambao sitaukalia sana kwa kuwa kila aliyejaza fomu anaujua: umekosea kisanduku kimoja, fomu inarudi na maandishi mekundu, na vingine vyote vimefutika. Nyenzo za siku hizi zina njia iliyo tayari ya kurudisha alichoandika mtu kwa ombi moja linalofuata. Katika Laravel ni neno moja tu, na Django hufanya hivyo bila kuambiwa endapo fomu imejengwa kwa njia yake. Mfumo unaomfutia mtu majibu kumi na tisa sahihi kwa sababu ya moja lenye kasoro, umejengwa na mtu ambaye hakuwahi kuujaza mwenyewe.

La faili ni zito zaidi, kwa sababu hapo hata mtengenezaji mwangalifu hukwama. Kwa usalama, vivinjari haviruhusu tovuti ijaze yenyewe kisanduku cha kuchagulia faili. Vingeruhusu hilo, tovuti yoyote ingeweza kujichukulia nyaraka kwenye kompyuta yako. Matokeo yake, fomu ikirudi kwa kosa lolote, maandishi unaweza kuyarudisha lakini cheti kilichoskaniwa hakirudi, lazima kichaguliwe upya na kipakiwe upya. Kwa modemu yetu ya dirishani, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na picha vilikula muda mwingi kuliko fomu yote. Nimemwona mwombaji akipakia vyeti vile vile tena na tena kwa sababu ya nukta iliyokosekana kwenye barua pepe. Suluhisho ni kuachana na fomu inayobeba kila kitu kwa mkupuo. Kila faili lipokelewe peke yake, mara tu linapochaguliwa, lihifadhiwe, na fomu ibaki na jina lake tu. Barua pepe ikikosewa, cheti kiko salama.

Sasa nirudi kwenye ule ubaya wa kumwachia mteja mzigo. Kati ya njia za kutunza fomu iliyojazwa nusu, kongwe kuliko zote ni kuficha majibu ya ukurasa wa kwanza ndani ya ukurasa wa pili, ya wa pili ndani ya wa tatu, hadi mwisho. Haina kikomo cha dakika 24, ila anayejua kufungua msimbo wa ukurasa anaweza kuyabadilisha, hivyo seva inapaswa kuyahakiki yote upya; na umeme ukikatika hakuna kilichosalia. Njia mpya inayopendwa na vijana ni kuhifadhi ndani ya kivinjari chenyewe, ili hata kompyuta ikizima ghafla majibu yabaki. Kwa mtu mwenye simu yake mwenyewe, naipenda. Kwa steshenari siipendi hata kidogo. Mwombaji anaondoka, majibu yake yanabaki kwenye kompyuta ambayo baada ya dakika chache inakaliwa na mtu asiyemjua. Na yeye mwenyewe kesho akiendelea na fomu Namtumbo au kwa mjomba wake Mbagala, Dar es Salaam, hayakuti.

Tulikwisha kuona jambo hilo katika sura yake ndogo: unaandika herufi ya kwanza ya jina, kivinjari kinakutandikia majina ya wateja wa wiki nzima, simu zao na barua pepe zao. Mama mwenye duka alipoliona hilo kwa mara ya kwanza alikasirika kweli. "Hawa watu wameniamini mimi," alisema, "hawakuiamini mashine." Kaunta buku lenyewe alilifungia kabatini kila jioni, na hakuandika humo nenosiri la mtu. Nenosiri aliandika kwenye kikaratasi, akampa mwenyewe, akamwambia akiweke ndani ya Biblia au Msahafu nyumbani. Leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisikae kupita haja yake. Mama yule alikuwa akiishi kwa maneno hayo kabla hayajatungwa.

Kwa hiyo mimi nina upande. Fomu yenye kurasa zaidi ya moja, inayojazwa na wananchi, ihifadhiwe kama rasimu kwenye kanzidata ya mwenye mfumo, ukurasa kwa ukurasa, tangu ukurasa wa kwanza. Mwenye mfumo ana seva, ana umeme wa akiba, ana wataalamu, ana chelezo. Mwombaji ana bahasha ya kaki. Ni haki gani inayosema yeye ndiye abebe?

Baada ya chuo nilijiunga na kikundi kidogo cha watengenezaji, na moja ya kazi tulizopewa ilikuwa mfumo wa kusajili wakulima wa ufuta na soya kwa ajili ya vyama vya ushirika mkoani Ruvuma. Wanaojaza ni makarani wa vyama hivyo, mkulima amekaa pembeni. Nilipochora mfumo ule, karatasi ya kwanza niliyoichora ilikuwa ukurasa wa kaunta buku, na ule mstari wa rula upande wa kulia. Karani akishaandika jina na simu tu, rasimu inazaliwa na kupata namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye kikaratasi anachokabidhiwa mkulima. Kila ukurasa ukikamilika unahifadhiwa, na pembeni inaonekana umeishia wapi, saa ngapi, nani alikuwa anajaza. Taarifa ambayo mkulima hana mkononi, tuseme ukubwa wa shamba la pili, inaachwa wazi, na kazi inaendelea; ukaguzi mkali unasubiri siku ya kutuma, kwa sababu rasimu ina haki ya kuwa na mapengo. Kila fomu inabeba namba ya kutumika mara moja, ili karani anayebonyeza kitufe mara tatu kwa sababu mtandao ni mzito asisajili wakulima watatu. Seva ikiona namba ileile tena inarudisha jibu la kwanza. Ikishapokea, inamhamishia karani kwenye ukurasa mwingine, asije akaburudisha ukurasa na kutuma upya bila kujua. Msimu ukifungwa, rasimu ambazo hazikutumwa zinafutwa zote.

Wenzangu wawili waliona rasimu ni gharama isiyo na sababu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Jumatatu makarani walikuwa kazini, mtandao unakuja dakika chache na kupotea. Walijaza ukurasa mmoja, wakangoja, wakajaza mwingine. Mkulima aliyechoka kungoja aliambiwa aende zake, arudi na kikaratasi chake siku nyingine, na aliporudi aliikuta kazi ilipoishia. Tangu wiki ile sijasikia tena hoja ya gharama.

Lililobaki halijatulia ni namna ya kuifungua rasimu. Namba ya kwenye kikaratasi peke yake haitoshi, maana atakayeiokota angesoma habari za mtu. Wenzangu wanataka ujumbe mfupi wenye msimbo uende kwenye simu ya mwenye rasimu. Ni njia nzuri mahali ambapo simu ni ya mtu mmoja. Kwa wakulima wetu, namba iliyoandikwa aghalabu ni ya mtoto aliyeko mjini, na kwa waombaji wa vyuo ni ya baba aliyeko shambani. Na msimbo ukishafika lazima usomwe kwa sauti mbele ya karani na foleni yake, yaani siri inatangazwa. Mimi nasimamia neno la siri fupi ambalo mkulima analichagua na kuliandika kwa mkono wake nyuma ya kikaratasi, akikipoteza aje na kitambulisho. Wanasema vikaratasi hupotea. Nawajibu kwamba laini za simu pia hupotea, na kuirudisha laini kunamtaka mtu afunge safari hadi mjini. Tumekubaliana kuzijaribu njia zote mbili msimu huu katika vyama viwili, kimoja chenye mnara karibu na kingine ambako karani hupanda kilima ili simu ishike, kisha tulinganishe rasimu ngapi zimefunguliwa tena na wenyewe na ngapi zimekwama.